Kifungua Kinywa cha Moto: Barua Tano na Majibu Yake

Katika toleo lililopita niliandika, tena kwa kupita tu, kwamba Waingereza wana sahani ya asubuhi inayoweza kumshibisha mbeba mizigo wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, hadi jua linapozama. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala zote nilizowahi kuandika juu ya makala (mkaa) ya kuwashia mbabula (jiko letu la mkaa). Nimechagua tano. Salamu zenu nimezipokea na nimezifupisha ili nafasi itoshe, na majina nimeyaondoa kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Mimi ni mpishi katika nyumba ndogo ya wageni huku Nguba, Bukavu. Tulipokea wageni watatu wanaofanya kazi pamoja: Mwingereza, Mskoti, na wa tatu kutoka Welisi. Waliomba kifungua kinywa kamili cha kwao, nami nikawapikia mayai, soseji, tomati na viazi vya kukaanga. Mwingereza akauliza maharagwe yako wapi. Mskoti akasema viazi si hivyo. Yule wa Welisi alicheka tu, akataja majani ya baharini. Patroni wangu sasa anadhani mimi ndiye niliyekosea. Je, sahani hiyo ina orodha moja inayojulikana? — Mpishi wa Nguba

Ndugu mpishi, hukukosea, na unaweza kumsomea patroni wako aya hizi kwa heshima zote. Watu watatu waliokuwa mezani kwako wasingekubaliana hata kama wangepikiwa na mama zao, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakumbuka ghala la kwao.

Vilivyo vya wote ni vichache: mayai, soseji, mkate uliochomwa au kukaangwa, chai nyeusi yenye maziwa, na bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi na pengine kupitishwa katika moshi. Bekoni ya Uingereza hukatwa zaidi mgongoni, ndiyo maana ni pana na ina nyama nyingi, ilhali ile ya Marekani hutoka tumboni na mafuta yake ni mengi. Zaidi ya hapo kila nchi huchukua njia yake.

Mwingereza huongeza tomati iliyokatwa katikati na kukaangwa upande wa ndani, uyoga, na maharagwe meupe ya mkebe katika mchuzi wa tomati. Wengi hutia pia kipande cha soseji ya damu, ile ambayo waliosoma Kifaransa huiita boudin, iliyotengenezwa kwa damu ya nguruwe, mafuta na nafaka. Ikiwa jana yake kulibaki viazi na kabichi, huvipondaponda pamoja na kuvikaanga mpaka vishike rangi. Nafurahi kuwaambia wasomaji wanaoona haya kula chakula kilicholala kwamba sahani hiyo ya masalio ina jina lake na mashabiki wake huko London.

Uskoti ni nchi ya baridi na mvua, na ngano huko haikuwahi kustawi kama oti. Kwa hiyo oti imeingia kila mahali: katika uji, ambao wazee huko huutia chumvi na si sukari, katika mkate mwembamba mkavu unaovunjika mkononi, katika soseji ya damu, ambayo ile ya mji wa Stornoway imelindwa jina lake na sheria za Ulaya tangu 2013, na katika haggis, ambayo ni moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyosagwa pamoja na oti, vitunguu na mafuta, kisha vikapikwa ndani ya tumbo la kondoo. Soseji yao ya asubuhi haina ngozi. Nyama husindikwa katika chombo cha pembe nne ikakatwa vipande bapa, na kipande hicho hulala vizuri ndani ya mkate.

Sasa tuje kwenye viazi, maana hapo ndipo Mskoti wako alipokuwa na haki. Alitaka viazi vilivyogeuzwa mkate. Chukua nusu kilo ya viazi vya Masisi, vile vyenye unga, uvichemshe na maganda yake ili visinywe maji. Vimenye vikiwa bado vinakuunguza vidole, uviponde mpaka pasibaki donge, utie chumvi, kijiko cha siagi na unga wa ngano gramu 100 hivi, kisha ukande kwa upesi. Usingoje vipoe: viazi vya moto hushikana na unga kidogo, lakini vilivyopoa hudai unga zaidi, na mwisho utapata kitu kigumu kama soli. Tandaza duara lenye unene wa nusu sentimita, ukate vipande vinne kama chapati ya kugawana, upike kwenye kikaango kikavu kilichopakwa mafuta kidogo tu, dakika tatu upande huu na tatu upande wa pili, mpaka vitoke madoa ya kahawia. Mara ya kwanza nilipojaribu, nilikuwa nimepepea mbabula muda mfupi tu kabla, na madoa yangu yalikuwa meusi. Ngoja makala yavae majivu kwanza.

Na majani ya baharini? Ni mwani. Watu wa Welisi huuokota kwenye miamba, huuosha mara nyingi kuondoa mchanga, huuchemsha kwa saa kadhaa mpaka ulegee kabisa, kisha huuchanganya na oti na kuukaanga kama vitumbua katika mafuta ya bekoni. Wenyewe huuita mkate, ingawa hauna hata chembe ya ngano. Ukiuona ndani ya sufuria, kabla ya oti kuingia, utadhani ni sombe (kisamvu) iliyosahaulika motoni. Pembeni huweka kome wadogo wa pwani, ambao wanawake wa kijiji cha Penclawdd walikuwa wakiwafuata maji yakipwa, wakiwabeba kwa punda. Usijisumbue kuvitafuta vitu hivyo Bukavu.

Ayalandi nitaipita haraka. Kaskazini mwa kisiwa hicho sahani haikamiliki bila mikate miwili iliyokaangwa: mmoja wa viazi, unaofanana na ule niliokueleza, na mwingine wa magadi ya kuokea, unaoumuka kwa sababu magadi hayo yanakutana na uchachu wa maziwa ya mgando. Kusini yake hupendwa soseji nyeupe, ambayo ni ndugu wa ile ya damu ila damu yenyewe haimo.

Ushauri wangu ni kwamba usiige yote. Wape mayai, soseji, viazi bapa, tomati, maharagwe, na uyoga wakati wa mvua unapoletwa kutoka Kabare. Anza na soseji, kwa moto wa taratibu, kwa kuwa ndizo zinazochelewa. Fuata na viazi, halafu tomati. Mayai yawe ya mwisho kabisa, mgeni akiwa amekwisha kuketi. Niliwahi kulala katika nyumba moja ya wageni, ambayo sitaitaja, mayai yakaniletewa robo saa kabla ya chai. Chai ilipofika, mafuta yalikuwa yameganda pembezoni mwa sahani kama nta ya mshumaa. Pasha sahani moto kabla ya kupakua. Maji yaliyobaki kwenye birika yanatosha.

Neno moja juu ya kiini cha yai. Mwingereza atakuomba kiini kinachotiririka ili achovye mkate wake, na kwao hana hofu: kuku wengi hupewa chanjo dhidi ya salmonela, mayai hupigwa muhuri wa simba, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya huko ilisema hata mama mjamzito anaweza kula yai la namna hiyo likiwa bichi. Mayai yanayovuka mto Ruzizi katika trei za karatasi na kushinda juani hayana muhuri huo. Kiini kigande.

Profesa wetu alisema darasani kwamba Waingereza wamekula sahani hiyo tangu enzi za wafalme wao wa kale. Mimi nina shaka. Je, ni kweli? — Mwanafunzi wa historia, Ibanda

Shaka yako ni nzuri, ila ipeleke kwa profesa kwa adabu. Bekoni ni ya kale, na mayai ni ya kale zaidi. Sahani yenyewe, kama tunavyoiona leo katika picha, ni changa.

Karne ya 19 ndiyo iliyoikuza, na iliikuza katika nyumba za wenye mali. Isabella Beeton, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha utunzaji wa nyumba mwaka 1861, aliorodhesha kwa ajili ya asubuhi samaki wa kuchoma, mbavu za kondoo, figo, soseji, bekoni na mayai, pamoja na nyama baridi zilizopangwa kwenye meza ya pembeni ili kila mtu ajichukulie. Nikisoma orodha hiyo siwaoni waliokula. Namwona mtumishi aliyeamka gizani kuwasha jiko ili bwana wake achague kati ya figo na samaki. Wakati huohuo mfanyakazi wa kiwandani alikuwa anakunywa chai na mkate, kama unavyokunywa wewe kabla ya kwenda chuoni.

Angalia pia vitu vyenyewe vilikotoka. Wali wenye samaki wa moshi na mayai, uliopendwa sana asubuhi katika nyumba za kifahari za wakati huo, ni mtoto wa kichri ya Wahindi, uliorudi nyumbani na Waingereza waliofanya kazi India. Maharagwe ya mkebe ya kampuni ya Heinz yalitoka Marekani na kuuzwa mara ya kwanza mwaka 1886 katika duka la Fortnum & Mason la London, ambalo ni duka la matajiri; yaani chakula tunachokiona leo cha kawaida kabisa kiliingia mjini kikiwa kimevaa suti. Kisha vikaja vita. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ilianza kugawa bekoni, siagi na sukari kwa vipimo, na mgao wa nyama na bekoni haukuondolewa mpaka tarehe 4 Julai 1954, miaka tisa baada ya amani. Ni baada ya hapo ndipo sahani iliyojaa ilipokuwa ya kila mtu, katika migahawa ya wafanyakazi na nyumba za wageni za pwani.

Sisemi haya ili tuwacheke. Sambaza, samaki wetu wadogo, walipandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakitolewa Tanganyika, na leo nani atamwambia mtu wa Bukavu kwamba sambaza si chakula cha babu yake? Muhogo na maharagwe navyo vilivuka bahari kutoka Amerika. Desturi haihitaji miaka elfu ili iwe ya kweli.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa historia, nakuongezea hili. Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili vyote vinakiita chakula hiki kwa wazo moja. Jina la Kiingereza maana yake ni kuvunja saumu. Neno la Kifaransa, déjeuner, asili yake nayo ni kuvunja saumu. Na sisi tunafungua kinywa. Mjini kwetu, hata hivyo, watu husema tu "nimekunywa chai", na mara nyingi ni kweli kwamba hawakufanya zaidi ya hapo. Nadhani hilo tumelirithi kwa sehemu kutoka kwa Wabelgiji, ambao asubuhi yao ilikuwa kahawa na mkate wa kupakwa. Kama waliotawala huku wangetoka Uskoti, pengine tungekuwa tunabishana juu ya chumvi katika uji.

Mke wangu ananisukumia mayai kila asubuhi akisema madaktari wameagiza, kwamba chakula cha asubuhi ndicho kikuu kuliko vyote. Mimi tangu ujana wangu hunywa chai, na huanza kula saa nne. Ni daktari gani aliyeagiza? — Papa wa Kenya, Lubumbashi (komini, si nchi)

Papa, sitaingia kati yako na mama wa nyumba. Nitakueleza tu kisa kimoja cha Marekani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Beech-Nut ilikuwa na bekoni nyingi isiyonunuliwa, kwa kuwa Wamarekani wengi walikuwa wakianza siku kwa kahawa, kipande cha mkate na maji ya machungwa. Kampuni ilimwendea Edward Bernays, bingwa wa kuvuta fikra za watu. Hakutangaza bekoni. Alimwomba daktari mmoja awaandikie madaktari wenzake kuwauliza ikiwa kifungua kinywa kizito ni bora kuliko chepesi. Wengi wakajibu kwamba kizito ni bora, na majibu hayo yakapelekwa kwenye magazeti, bekoni na mayai vikitajwa kuwa mfano. Bekoni ikauzika.

Upande wa pili walikuwapo akina Kellogg wa Battle Creek, jimbo la Michigan, waliosukuma nafaka kavu za kuliwa na maziwa baridi, nao pia kwa jina la afya. Kwa hiyo ukisikia kwamba madaktari wameagiza, uliza kwanza nani aliyewauliza. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu na mtu anayeshika chepe alfajiri wanahitaji chakula mapema. Mzee aliyeketi kibarazani anaweza kusubiri saa nne bila dhambi. Bekoni usiile kila siku: mwaka 2015 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliweka nyama zilizosindikwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Yai la mama ni jambo jingine. Ulile.

Mimi ni Mwislamu, nakaa Birere, Goma, na ninapokea wageni wa mume wangu kutoka nchi mbalimbali. Nataka kuwaandalia asubuhi ya moto yenye heshima bila nguruwe na bila damu. Je, nitakuwa nimewaonjesha kitu cha Ulaya au nitakuwa nimewadanganya? — Mama wa Birere

Hutakuwa umemdanganya mtu, mama. Waislamu wa Uingereza wenyewe wanayo sahani hii, yenye soseji za ng'ombe na vipande vya bata mzinga badala ya bekoni, na migahawa inayowahudumia haioni kwamba imepunguza kitu. Angalizo moja tu: ukienda kula kwingine, usiulize soseji peke yake, uliza na mafuta ya kikaango, kwa sababu tomati, uyoga na hata mkate huenda vimepita katika mafuta yaleyale ya nguruwe. Kuhusu damu, si wewe peke yako. Wako Wakristo wanaosoma Matendo ya Mitume 15:29 na kuisukuma soseji nyeusi pembeni mwa sahani.

Lakini kwa nini ukimbilie nyama? Kabla bekoni haijatawala picha zote, samaki alikuwa mfalme wa asubuhi katika visiwa vile. Heringi hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi, huning'inizwa katika moshi, na asubuhi huchomwa na kuliwa kwa siagi na mkate. Nawe una sambaza. Wavuvi hutoka jioni na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, huwavuta kwa mwanga wa taa usiku kucha, na hurudi kunapokucha. Hakuna samaki aliyezaliwa kwa ajili ya kifungua kinywa kuliko huyu. Waoshe, wakaushe kwa kitambaa safi, watie chumvi na unga kidogo, uwatumbukize katika mafuta yanayochemka kweli, wachache wachache. Ukiwajaza wote kwa pamoja mafuta yatapoa, na sambaza watachemka badala ya kukaangika. Wanapoacha kelele motoni, wako tayari. Mezani weka ndimu na pilipili, na mayai mawili kwa kila mgeni.

Ukitaka kubadilisha, tazama Uturuki. Jina lao la chakula cha asubuhi maana yake ni kitu kinachoitangulia kahawa, na meza yake hujaa visahani vidogo: jibini nyeupe, zeituni, tango, tomati, asali, mayai yaliyopikwa ndani ya tomati na pilipili hoho, mkate wa moto, na chai haikatiki. Watu wa mji wa Van, mashariki mwa nchi hiyo, ndio wanaosifiwa zaidi kwa meza hiyo. Kwa mtu wa Goma meza ya namna hiyo ni rahisi kuliko ya London, kwa kuwa fromaji (jibini) ya Masisi inauzwa hapo jirani, tomati hazikosekani, na asali ipo. Zeituni tu ndizo ghali, nazo zinaweza kukosekana bila mtu kununa. Au uende pwani kwa ndugu zetu wa Mombasa, uwape wageni mbaazi za nazi na mahamri. Nazi itakugharimu zaidi ya samaki, lakini harufu yake itawaamsha wageni kabla hujagonga mlango.

Ninauza chakula alfajiri karibu na soko la Kadutu: maharagi, makemba (ndizi za kupika) na chai. Wateja wangu ni wabeba mizigo na madereva. Kijana wangu, anayesoma, ananiambia maharagi asubuhi ni chakula cha umaskini, nibadilishe niuze mkate na mayai kama watu wa hoteli. Pia nina shida: siku nyingine maharagi yanakataa kuiva hata makala yakiisha. Mwisho, nimesikia ya Wazungu yana sukari. Je, nitie? — Mama wa maharagi, Kadutu

Mama, barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo niliyotaka kuijibu kwa nafasi.

Mwambie kijana kwamba hotelini ndiko maharagi yanakoliwa asubuhi. Yale ya mkebe ya Uingereza ni meupe na madogo, lakini ni mmea uleule kabisa na huu unaoununua kwa kipimo sokoni. Tofauti yao ni kama ya ndugu wa tumbo moja, mmoja mweupe na mwingine mwekundu. Wamisri huanza siku kwa ful, maharagwe mapana yanayopikwa usiku mzima katika chungu chenye shingo nyembamba. Zamani mjini Cairo vyungu hivyo viliwekwa katika majivu ya moto ya hamamu, ili moto uliopashia watu maji uivishe pia chakula chao. Watu wa Kosta Rika na Nikaragwa huchanganya wali na maharagwe ya jana, wakavikaanga na kuviita kwa jina la jogoo mwenye madoa. Waganda wana katogo, matoke yaliyochemshwa pamoja na utumbo au maharagwe katika sufuria moja, nayo huliwa asubuhi na mtu mwenye gari na asiye nalo. Sahani yako ya makemba na maharagi ni dada wa katogo. Umaskini hauko hapo ndani. Mkate mweupe na chai ya sukari ndivyo vinavyomwacha mbeba mizigo akitetemeka saa tatu.

Sasa shida ya kuiva, ambayo ina sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni mahali tunapoishi. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa hiyo maharagi yanayoiva kwa saa moja na nusu Mombasa yatakudai muda zaidi hapa, hata ukichochea moto vipi, kwa kuwa moto mkali hauongezi joto la maji yanayokwisha kuchemka. Unaongeza mvuke tu na kupoteza makala. Ya pili ni umri: maharagi yaliyokaa ghalani misimu miwili hukauka kwa namna ambayo maji hayaingii tena vizuri, na muuzaji hatakuambia. Onja machache nyumbani kabla ya kununua mfuko mzima. Ya tatu, ambayo nashuku ndiyo yako, ni tomati. Uchachu wa tomati hukaza ganda na nyama ya haragi, ukazuia lisilainike. Ukizitia mwanzoni unaweza kupika mpaka adhuhuri. Zitie maharagi yakiwa yamekwisha kulainika, yale ambayo ukiyabana kwa vidole viwili yanapondeka bila ubishi. Chumvi haina hatia hiyo, ingawa bibi zetu waliishtaki. Unaweza hata kuitia katika maji ya kulowekea.

Nakuandikia utaratibu mzima. Loweka tangu saa kumi na mbili asubuhi, na jioni uyamwage maji hayo. Weka maji mapya, uchemshe kwa nguvu, yakitoa mapovu kweli, kwa dakika kumi au zaidi. Dakika hizo usizikate kamwe, kwa sababu maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha, na joto la chini haliiondoi. Baada ya hapo punguza moto. Ikiwa unataka kuokoa makala, pika jioni mpaka yakaribie kuiva, funika sufuria vizuri, uizungushie blanketi nzito ndani ya kapu lililojaa majani makavu, uiache hivyo kwa saa tatu au nne, yatajimalizia yenyewe. Usiyaache yapoe humo mpaka asubuhi, maana chakula cha uvuguvugu huharibika. Kabla ya kulala yarudishe motoni mpaka yachemke tena, kisha uyahamishie katika vyombo vipana ili yapoe haraka. Usitie magadi kwa wingi. Yanalainisha, ni kweli, lakini yanaua vitamini na kuacha ladha ya sabuni.

Alfajiri kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, tia tomati zilizosagwa, ziache zikauke mpaka mafuta yajitenge pembeni, kisha mimina maharagi pamoja na mchuzi wake uyachemshe tena vizuri. Ponda miiko miwili ya maharagi hayo ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito na usikimbie sahanini. Mayai unaweza kuyaongeza kwa anayetaka, kwa bei yake, yakikaangwa mteja akiona. Hapo kijana wako atakuwa amepata hoteli yake bila kukufukuzia wateja.

Kuhusu sukari, ulichosikia ni kweli, mkebe wa Uingereza una utamu wake, na watoto wa huko hukulia juu ya utamu huo. Kijiko kimoja kidogo katika sufuria kubwa, tomati zinapokuwa kali mno, hakitamdhuru mtu. Zaidi ya hapo madereva wa Kadutu watakurudishia sahani. Wewe tia pilipili.